Shati la Siku ya Kipimo

4 Februari

Mpwa wangu,

Naomba usinipigie simu tena. Sauti yako haijanichosha, ila simu inanisengenya. Nikisema maneno sita lazima nitue nivute pumzi, na wewe upande wa pili unanyamaza. Nakusikia unavyonyamaza. Najua umeshaanza kunihesabia. Kwenye karatasi naweza kupiga soga kutwa nzima na hakuna atakayejua ni wapi niliweka kalamu chini nikahema.

Zamani tulifundishwa kuanza barua kwa kusema mimi huku ni mzima, hofu ni kwako wewe. Leo geuza: mzima ni wewe, hofu ni kwangu. Lakini ni hofu ndogo, usiikuze.

Nimerudi salama kutoka hospitalini kwenu. Kichwa kiliniuma njia nzima, nikafika nikalala mchana kama mtoto mchanga. Sasa nataka kukuuliza kitu ambacho niliona haya kukuuliza pale kazini kwako, mbele ya yule muuguzi mcheshi.

Uliponiingiza kwenye kile kibanda cha kioo ukanibana pua kwa kibanio (mimi niliyezibana nguo za watu miaka yote, leo nimebanwa mimi), uliniambia nitoe pumzi yote, yote, yote, bado ipo, toa. Halafu nivute yote. Halafu nibane. Ukaanza kuhesabu mpaka kumi. Mpwa wangu, mimi sikuwa pale. Ulipofika tatu nilikuwa uani kwetu, ule ua wa zamani kabla hujazaliwa, kamba zimejaa mashuka meupe, hakuna upepo, na marehemu mama yako anapita katikati yake. Uso sikuuona. Niliona miguu tu chini ya mashuka, inatembea bila haraka, inasimama, inatembea. Nikawa namfuata. Nilikuwa na muda mwingi sana, kama Jumapili nzima. Halafu ukasema "toa!" nikajikuta kwenye kiti chako, mate yananitoka.

Je, kila mtu huona kitu, au ni mimi tu?

Na namba yangu ni ngapi? Usinifiche. Mimi ndiye niliyekulea. Kama ni mbaya nitajua kwa jinsi utakavyokawia kujibu.

Mjomba wako,
Dobi

*

9 Februari

Mjomba,

Nimekawia siku tano, kwa hiyo umeshajua.

Namba yako ni thelathini na saba. Nikueleze inavyosomwa, maana nakufahamu, utaenda kumuuliza fundi viatu jirani yako naye atakupa majibu ya viatu. Mashine yangu haipimi ukubwa wa mapafu. Mapafu yako ni makubwa, yangekuwa mifuko ungebebea nguo za mtaa mzima. Inapima kitu kingine: hewa ikishaingia, je, inavuka? Kati ya pafu na damu kuna utando mwembamba kuliko kitambaa chochote ulichowahi kukipiga pasi. Oksijeni lazima iupite ndipo iingie kwenye damu. Mtu mzima wa afya, wa umri wako na kimo chako, tunategemea apate mia. Wewe unapata thelathini na saba.

Daktari wa upasuaji, tunayemwita Mkasi (akisikia, kazi sina), amesema hivi. Kile kivimbe kwenye pafu lako la kulia, ambacho kwenye picha kina ukubwa wa kifungo cha koti, kinaweza kukatwa na kutoka chote. Lakini akikikata anaondoka na kipande cha pafu pia, na kinachobaki lazima kitoshe kukuhemesha. Kwa hiyo chini ya arobaini hashiki kisu. Kuanzia arobaini, anashika. Umepungukiwa tatu.

Kisipokatwa kitakua. Nimetafuta namna nzuri ya kuliandika hilo na sikuipata.

Atakupima tena, yaani mimi nitakupima tena, tarehe ishirini. Watu wengi mara ya kwanza huwa na woga, hubana pumzi nusu nusu, na mara ya pili namba hupanda. Lala vizuri. Usile sana asubuhi.

Kuhusu ulichokiona sijui nikujibu nini. Nawatazama watu kumi na tano kwa siku wakibana pumzi, na karibu wote hufumba macho. Kuna mama mmoja hutabasamu nikifika sita, kila anapokuja. Sijawahi kumuuliza. Mimi mwenyewe kuna ndoto inanirudia: nimesimama kwenye chumba kirefu kilichojaa watu, wote wamebana pumzi wananitazama mimi niseme neno, na neno lenyewe nimelisahau.

Halafu umenitia aibu pale kwenye maswali. Karatasi inauliza: "Leo umevuta sigara au umekaa penye moshi?" Nawe ukaja juu: "Moshi? Kwangu mimi? Kwangu moshi hauingii hata ukija na barua ya utambulisho!" Muuguzi bado anacheka. Nikaandika "hapana" tukaendelea.

Mpwa wako

*

15 Februari

Mpwa wangu mpenda namba,

Thelathini na saba kwa mia! Shuleni ningechapwa. Nimemwambia fundi viatu, akasema yeye angeridhika na thelathini na saba ya kitu chochote.

Ninafanya mazoezi. Asubuhi nikisubiri maji yachemke nabana pumzi nahesabu. Mchana nikikunja mashuka nabana pumzi nahesabu. Jana mteja aliniuliza suruali yake iko tayari, nikamwinulia kidole asubiri, nikafika saba, akadhani nimepandwa na mashetani akaondoka bila suruali.

Lakini nikibana hapa dukani sioni kitu. Naona duka tu. Ule ua hauji. Labda hauji mpaka nibanwe pua na nihesabiwe na wewe. Nakwambia ukweli, hiyo tarehe ishirini naisubiri kwa sababu mbili, na ya kwanza si namba.

Usinune. Nilikuwa na dada mmoja tu. Miaka ishirini na sita sijamwota hata mara moja, wakati namwota kila siku mteja aliyenidhulumu blanketi. Halafu anakuja mchana kweupe, kwenye kibanda cha kioo, miguu yake ileile yenye kovu la pasi kwenye kifundo, na mimi nitamani nini kingine?

Nitakuja nimependeza. Sitaki waseme mpimaji ana mjomba mwenye makunyanzi.

Mjomba wako

*

24 Februari

Mjomba,

Thelathini na tano.

Najua uliiona usoni mwangu, maana uliniaga haraka ukajifanya unawahi gari. Sasa nikwambie lililotokea baada ya wewe kuondoka, kwa sababu nisipokwambia wewe sina wa kumwambia.

Majibu yakitoka, mimi ndiye ninayeyaingiza kwenye fomu ya daktari. Nilikaa na kalamu nikitazama ile sehemu iliyo wazi. Nikawaza: nikiandika arobaini na moja, nani atajua? Mkasi haitazami mashine, anatazama fomu. Nilikaa hapo muda mrefu, wagonjwa wakigonga mlango. Nikakuona umelala kwenye meza yake, nikakuona unapona. Halafu nikaona vingine, umelala mezani na pumzi haitoshi kukurudisha, na mimi ndiye niliyekupeleka pale kwa kalamu. Nikaandika thelathini na tano. Tano ikafanana na sita, nikaifuta nikaiandika upya.

Sijui kama nilifanya jema. Nakupenda sana, mjomba, na siku ile kazi yangu niliichukia.

Mkasi amesema tarehe ishirini Machi madaktari wanakaa kuamua majalada yote yaliyobaki. Lako likiingia na thelathini na tano litafungwa, utapewa dawa za kutuliza tu. Nimemwomba kipimo kimoja cha mwisho kabla ya siku hiyo. Amekubali, tarehe kumi na saba, lakini alinitazama kwa huruma na mimi sikuitaka huruma yake. Kilichomshangaza ni kimoja: kile kifaa cha kidoleni, kinachopima oksijeni ya damu, kinaonyesha uko vizuri kabisa. Tisini na saba. Anasema havilingani.

Ah, na jingine. Alipokuona kwenye korido aliniuliza, "Mjomba wako nguo zake hupigiwa pasi wapi? Ile kola nimeionea wivu." Nilidhani ungependa kulijua hilo.

Mpwa wako

*

1 Machi

Mpwa wangu,

Nimeisoma barua yako nikiwa nimesimama, nikakaa, nikaisoma tena.

Sikiliza. Usiwahi kunipigia pasi namba. Namba yangu ikiwa na makunyanzi, iache na makunyanzi yake. Ulifanya jema, na kama ungefanya jingine ningejua, kwa sababu tangu una miaka minne ukidanganya unakuna sikio la kushoto, na barua yako ingenuka sikio. Nilijivunia. Nilitoka nje nikajivunia barabarani, mtu asijue nina nini.

Sasa tuache huzuni, tuongee mambo ya maana. Mkasi ameionea wivu kola yangu! Mwambie hakuna duka linalopiga pasi vile. Mashine zao za umeme zinapaka joto tu kama mtu anayepaka siagi. Ile ni pasi ya mkaa, na ile si kazi ya dukani, ni kazi maalumu ya siku ya kipimo.

Nikuhadithie, maana uliondoka mdogo umesahau. Siku ya kuja kwako naamka alfajiri. Dukani siendi, kule mbele pako wazi na upepo wa barabara unarusha majivu, na jivu moja tu likitua kwenye shati jeupe umekwisha. Naingia chumba cha nyuma, kile kidogo cha kuwekea mashuka. Nafunga dirisha, nafunga mlango, naziba na chini kwa gunia. Pasi mbili, moja nafanyia kazi, nyingine inakolea, napokezanisha, ili joto lisishuke hata kidogo. Mkaa nauacha ukolee mpaka uwe mwekundu wote, hauna moshi hata wa kumtoa mbu. Hapo ndipo naanza: shati, mikono kwanza, kola mwisho. Suruali. Fulana ya ndani, ndiyo, hata hiyo, maana mnanivua kunisikiliza kifua. Leso. Soksi. Saa mbili nzima nimo humo, joto zuri, kimya, jasho linatiririka, kichwa kinakuwa chepesi kama nimekunywa kidogo. Nikifungua mlango dunia inazunguka kwa raha, nakaa kitako nasubiri itulie. Ndipo navaa nakuja kwako.

Kwa hiyo mwambie Mkasi, kola ile ni saa mbili za maisha ya mtu.

Tarehe kumi na saba nitakuja. Nikipata thelathini na tatu, usilie mbele ya wagonjwa.

Mjomba wako

*

5 Machi

Mjomba,

Barua hii isomee nje.

Usiwashe mkaa. Usiwashe leo, usiwashe kesho, kwenye pasi wala kwenye jiko, mpaka nikwambie. Fungua lile dirisha la chumba cha nyuma uliache wazi. Nampa dereva wa basi la huko kwenu barua hii mkononi nisisubiri posta. Maelezo yanafuata. Tafadhali, mjomba, hili usilifanyie utani.

Mpwa wako

*

6 Machi

Mjomba,

Sasa nimetulia naweza kuandika.

Mkaa ukikolea hauna moshi. Ni wewe uliyenifundisha, nikiwa nalala kwenye kapu la mashuka ya moto kwenye duka lako. Lakini mkaa uliokolea unatoa hewa nyingine, haina rangi, haina harufu, haiwashi macho. Wataalamu wanaiita kaboni monoksidi. Ukiivuta inaingia kwenye damu na kukaa pale pale ambapo oksijeni ilipaswa kukaa, na ikishakaa haibanduki upesi, inachukua saa nyingi. Nje, au pale mbele dukani panapopita upepo, inatawanyika. Kwenye chumba kilichozibwa mpaka chini ya mlango, inakuingia wewe.

Na hapa ndipo nilipojishika kichwa. Unajua tunapimaje? Kwenye ile pumzi moja unayoivuta ukaibana, tunachanganya chembe kidogo sana, isiyodhuru, ya hewa hiyo hiyo. Kisha tunaangalia ukitoa pumzi imerudi kiasi gani. Iliyopungua ndiyo iliyovuka kuingia kwenye damu. Sasa wewe umekuja damu yako imeshashiba hewa hiyo tangu alfajiri. Ile chembe yetu ikabisha hodi, nafasi hakuna, ikarudi. Mashine ikasoma: mapafu hayapitishi. Hata kile kifaa cha kidoleni kilidanganyika, maana kinatazama wekundu wa damu tu, na damu yenye hewa ya mkaa ni nyekundu vizuri.

Yaani kila ulipojipamba zaidi kwa ajili yangu, namba ilishuka zaidi.

Sijui ikitoka hiyo hewa utapata ngapi. Huenda ikawa thelathini na nane, tukawa tumejisumbua. Lakini sijakupima wewe bado, mjomba. Nimepima chumba cha nyuma.

Kosa ni langu. Karatasi iliuliza moshi, wewe ukajibu ukweli, nami nikaandika "hapana." Mtu mwingine angeweza kukosea hapo na asilaumiwe. Mimi nimekulia ndani ya chumba kile. Nilipaswa kukuuliza mkaa.

Kuna jambo jingine na sitaki kuliandika, lakini tumekubaliana kutofichana. Hewa ile inalevya. Kichwa chepesi, dunia inazunguka, mtu anaona mambo. Inawezekana yule uliyemfuata uani si mama. Inawezekana ni mkaa. Na ungezidisha saa moja mle ndani, ungelala usiamke, na leo ningekuwa nakuandikia nani?

Kwa hiyo masharti ni haya. Mpaka tarehe kumi na saba hakuna mkaa, na hakuna pasi kabisa, kwa sababu nakufahamu, ukishika pasi utatafuta mkaa. Fua, anika, kunja. Na siku hiyo njoo na shati lako likiwa na makunyanzi. Nataka niyaone. Ukija umenyooka, sikupimi.

Mpwa wako

*

11 Machi

Mpwa wangu,

Umeniandikia kurasa nne, na kwenye kurasa zote hizo ni sentensi moja tu iliyonikaa kooni, unaijua, ile ya mama yako.

Nimetii. Dirisha liko wazi, paka wa jirani ameshahamia. Mkaa nimeugawa. Wateja nawarudishia nguo zimekunjwa tu, wananitazama kama wamenifumania. Fundi viatu anasema afadhali ningefilisika, mtu angeelewa.

Miaka thelathini na nane nimejisifu kwamba mkaa wangu ni msafi. Nilidhani kisichochafua shuka hakichafui mtu. Sasa naambiwa usafi wenyewe ndio ulioniingia. Mimi si msomi, lakini hilo lina uchungu.

Hayo yote nayaweza. Hata shati naliweza, ingawa nitalivaa kama adhabu. Nisichokiweza nakuambia, na ukikisoma usinijibu kwa upole, upole wako naujua, ni wa kazini.

Naogopa. Uliponiambia thelathini na saba, mtu mmoja ndani yangu alishusha pumzi. Alisema, basi, hakuna kisu. Nitaishi nilivyoishi, nitapiga pasi mpaka kifungo kile kinifunge. Uliponiambia thelathini na tano alitulia zaidi. Wewe ulikuwa unalia juu ya fomu na mimi huku, Mungu anisamehe, nilikuwa nimepumzika. Sasa unataka kunipandisha mpaka arobaini, na arobaini ni meza ya Mkasi.

Na yule mtu ana sababu nyingine. Nikibanwa pua mara hii, damu yangu ikiwa safi, na dada yangu asije, basi nitakuwa nimempoteza mara mbili. Mara ya kwanza nilikuwa na wewe wa kubeba, sikupata nafasi ya kulia. Mara hii mikono ni mitupu.

Sijui kama nitakuja. Usinisubiri kwenye geti.

Mjomba wako

*

18 Machi

Mjomba,

Sikukusubiri kwenye geti. Nilisubiri kwenye dirisha la maabara, ambalo linaona geti.

Mwanzo sikukutambua. Nilimwona mzee mmoja anakuja polepole, shati limekunjamana utadhani limetolewa mdomoni mwa ng'ombe, kola upande mmoja juu, mwingine chini, na mkono mmoja umeshikilia kifua kuficha makunyanzi. Nilikuwa nimeshamwambia muuguzi, "Huyo naye hana wa kumfulia?" Halafu ukainua uso. Nilikimbilia chooni, nikalia huko, nikanawa, ndipo nikatoka kukupokea na ule upole wangu wa kazini.

Nimesubiri mpaka leo kukuandikia kwa sababu nilirudia mahesabu mara tatu, na nikamwita mwenzangu ayarudie bila kumwambia ni ya nani.

Arobaini na sita.

Arobaini na sita, mjomba. Mkasi ameishika ile karatasi kwenye mwanga kama anayekagua noti bandia. Nimemweleza yote, chumba, gunia chini ya mlango, pasi mbili. Akasema kuanzia leo kwenye yale maswali tunaongeza neno "mkaa." Jalada lako halifungwi, wala halisubiri kikao cha keshokutwa. Upasuaji ni tarehe mbili Aprili, saa tatu asubuhi.

Najua arobaini na sita kwako si habari njema moja kwa moja. Nimeisoma barua yako ya mwisho mara nyingi. Sitakujibu kwa upole. Nakujibu hivi: nataka uishi. Nakutaka hapa, unihangaishe, uninunie, uzeeke vibaya. Kama ni ubinafsi, ni ubinafsi. Lakini kifua ni chako, na ukisema hapana nitakuja kukaa nawe dukani tukunje nguo bila pasi mpaka siku itakapofika, na sitakulaumu hata kwa jicho.

Nilipokuhesabia ulifumba macho, kisha kwenye tano ukayafumbua. Hujawahi kuyafumbua. Pale sikuthubutu kuuliza. Uliona nini?

Mpwa wako

*

22 Machi

Mpwa wangu,

Sikuona kitu.

Nilifumba macho nikasubiri. Moja, mbili, tatu, giza tu, giza la kawaida la mtu aliyefumba macho. Hakuna ua, hakuna mashuka, hakuna miguu. Nne, nikajua haji. Nikasema, nifumbue basi, ninachosubiri kimekwisha.

Nikakuona wewe upande wa pili wa kioo. Ulikuwa hujui natazama. Ulikuwa unahesabu, na nikagundua kwamba na wewe ulikuwa umebana pumzi. Kifua hakiendi juu wala chini. Midomo tu inatembea: sita, saba. Macho yako yako kwenye saa, shavu limekaza, na mshipa mmoja wa shingo unapiga. Nikajiuliza, hivi mwanangu huyu hubana pumzi na kila mgonjwa, mara kumi na tano kwa siku, au ni mimi tu? Nane. Tisa. Nilitamani uwahi kusema toa, si kwa ajili yangu, kwa ajili yako.

Mama yako sijamwona, na imeniuma, nimerudi nyumbani nimemlilia kama aliyekufa juzi. Nililia vizuri. Fundi viatu alikuja akakaa mlangoni, hakusema neno, na kwa mtu yule hiyo ni sadaka kubwa.

Tarehe mbili nitakuja. Naogopa vile vile, haijapungua hata punje, lakini nitakuja.

Mjomba wako

*

2 Aprili, saa tano asubuhi

Mjomba,

Nakuandikia kwenye korido, kwenye benchi la wanaosubiri. Miaka saba nimefanya kazi humu na sijawahi kulikalia. Ni gumu.

Wamekuingiza tangu saa tatu. Walipokufunika kile kifuniko cha pua na mdomo, mtu mwingine ndiye aliyekuambia uvute. Nilisimama nje nikasikia sauti yake, akasema vuta, vuta tena, kisha kukawa kimya, na hakukuwa na wa kusema toa. Mashine inakupumulia. Nimejaribu kukuhesabia kutoka huku nje nimeshindwa, sijui uko kwenye ngapi.

Muuguzi mcheshi amepita mara mbili, hakunichekesha. Anasema Mkasi akifanya kazi huwa anaimba chini chini, na kwamba leo anaimba. Sijui kama ni kweli au anakuna sikio.

Jua limefika kwenye miguu yangu. Mlango haujafunguliwa. Karatasi hii nitaikunja nikae nayo.

Mpwa wako

*

3 Aprili

Mpwa wangu,

Nimeamka. Wamenikataza kuongea leo, nimeomba kalamu. Mkono ni mzito, vumilia mwandiko.

Najua umekaa hapo hapo, goti lako linagusa kitanda. Nikimaliza nitakupa uisome.

Acha kulia. Ukilia unanichekesha, na nikicheka panauma.

Mjomba wako